Kupanda meli ya utafiti wa bahari: maswali mnayoniuliza kila siku, nayajibu hapa mara moja

Toka nirudi safari ya pili haipiti wiki bila meseji ya "kaka vipi zile kazi za melini". Nikienda Deep Sea kununua samaki naulizwa, nikikaa barazani Ngamiani naulizwa, hata msibani nimeshaulizwa, tena kaburi bado halijafukiwa. Nimechoka kuandika jibu lilelile kwa hiyo nimeyakusanya hapa yale yanayojirudia, mepesi mbele, ya kubana nyuma. Mi ni mtu wa Tanga, nimesomea uvuvi, na meli ya utafiti nimepanda mara mbili tu, ya kwanza wiki tatu kwa kujitolea, ya pili siku 41 kwa kulipwa, msaidizi wa fundi wa vifaa. Si profesa na si wakala wa ajira, CV zenu msinitumie.

## Kwanza kabisa

1. Meli ya utafiti ni meli ya namna gani? Inavua?

Ni meli iliyoundwa kwa ajili ya kuipima bahari, haichukui mzigo wala abiria. Ndani ina maabara, deki ina winchi zenye waya wa chuma wa kilomita kadhaa, na tezini kuna lango kubwa la chuma la kushushia na kupandishia vifaa. Nyingine zinavua kweli, ila ni kuvua kwa kupima: wavu unakokotwa kama nusu saa hivi, samaki wanatengwa kwa aina, wanapimwa urefu na uzito, wengine wanatolewa kijiwe cha ndani ya sikio ambacho kina mistari kama pete za mti uliokatwa, ukiihesabu unajua umri wa samaki.

Inayojulikana zaidi kwetu ni Dr. Fridtjof Nansen ya Norway, ambayo inapeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa na kufanya kazi na FAO. Ya kwanza yenye jina hilo ilianza 1975 na ilikuja kupima samaki wetu mwanzoni mwa miaka ya 80. Ya sasa ni ya tatu, imeanza kazi 2017 na mwaka uliofuata ikafika Tanzania.

2. Si wanatafuta mafuta na gesi hao?

Hili swali Tanga halikwepeki, na naelewa, maana toka bomba la kutoka Hoima lipangiwe kuishia Chongoleani kila meli ngeni ikionekana watu wanasema mafuta. Meli za kutafuta mafuta ni jamii nyingine. Zinavuta nyuma yake nyaya ndefu za kilomita kadhaa na zinapiga milipuko ya hewa majini ili kusikiliza mwangwi kutoka chini ya sakafu ya bahari. Meli ninayoizungumzia hapa inapima joto la maji, chumvi, hewa iliyomo, vijidudu vinavyoelea, samaki, mikondo. Sisemi kwamba hivyo vitu viwili havijawahi kukutana, elimu ya bahari anaitumia kila mtu, lakini wewe ukipanda hutakuta kisima.

3. Meli zinakuja Tanga nikapandie hapahapa?

Usikae ukumbini Raskazone unaangalia upeo wa macho. Mara nyingi meli inapokea watu kwenye bandari kubwa, huku kwetu Dar, Zanzibar au Mombasa, na safari nyingi za Bahari ya Hindi zinaanzia mbali zaidi kama Durban, Cape Town au Port Louis. Mimi mara zote mbili nimetoka Tanga na basi la alfajiri pale Kange nikiwa na begi moja. Kwetu wanasema Tanga waja leo waondoka leo, sasa mimi ndo niliyeondoka.

4. Lazima niwe nimesoma sayansi?

Hapana, ila ujue melini kuna makundi mawili na milango yake ni tofauti. Kuna mabaharia wa meli yenyewe: nahodha, maofisa, mainjinia, serangi na watu wake wa deki, wapishi. Hawa wameajiriwa na meli na wanaipanda miezi na miezi. Halafu kuna watu wa utafiti, ambao wanaongozwa na mkuu wa watafiti, wanapanda kwa safari moja wanashuka. Anayejitolea anaingia kundi la pili. Kama wewe ni wa kundi la kwanza ruka mpaka swali la 8.

Kwenye kundi la pili wanapendelea mwanafunzi au mhitimu wa uvuvi, bahari, kemia, baiolojia, kompyuta, lakini nimekaa shifti moja na dada aliyesomea ualimu na alikuwa bora kuliko sisi sote, sababu mwandiko wake ulikuwa unasomeka na hakuwahi kuruka mstari kwenye daftari. Mtacheka ila kazi yenyewe asilimia kubwa ni hiyo.

5. Mtanikutanisha na silikanti?

Hahaha. Watoto wa Tanga bana. Silikanti wetu wanajulikana toka 2003 na 2004 walipoanza kunasa kwenye majarife ya papa, na 2009 ndo ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa jina lake, upande wa Kigombe na Mwarongo mpaka huku mjini. Ni samaki ambaye dunia ilijua ameshapotea mamilioni ya miaka mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Anakaa kwenye mapango ya miteremko mirefu, na meli inayopita na vyombo vya kupima maji haimwoni. Wanaomtafuta wanashusha roboti yenye kamera. Sijawahi kumwona akiwa hai na sidhani kama wewe utamwona.

## Kupata nafasi

6. Hizo nafasi zinapatikanaje? Mbona hatuzioni zikitangazwa?

Hapa soma taratibu maana ndo kiini cha yote.

Meli ya nje ikitaka kufanya utafiti ndani ya maili 200 za bahari yetu inatakiwa iombe ruhusa miezi sita kabla. Hiyo ni Sheria ya Bahari ya Umoja wa Mataifa ya 1982, na Tanzania tuliiridhia 1985. Kifungu cha 249 kinasema nchi yenye pwani ina haki ya kushiriki, pamoja na kupakia watu wake melini, bila kuchangia gharama za utafiti. Yani kiti chetu kipo kisheria, si hisani ya mzungu.

Sasa kiti hicho kinapita njia gani? Kinapita kwenye taasisi: Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI), Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambayo iko Zanzibar, vyuo, wizara. Mwaliko unafika kwa mkuu wa idara, mkuu wa idara anauliza "nani ana pasi ya kusafiria na cheti cha afya", wanaonyoosha mkono ni watatu, wanaenda haohao watatu kila mwaka. Watu wanasema kujuana, na kujuana kupo, lakini mara ya kwanza mimi sikuwa najuana na mtu, nilikuwa na makaratasi tu. Rafiki yangu ambaye alama zake zilinizidi mbali hakuwa na pasi, akaambiwa basi safari ijayo, na safari ijayo ilikuja baada ya miaka mitatu.

Njia nyingine ni kuomba mwenyewe nje. Kuna POGO, mtandao wa taasisi za bahari duniani, unatoa ufadhili wa kwenda kujifunza melini kwa watu wa nchi kama zetu. Kuna WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa ukanda wetu ambayo ofisi zake ziko Zanzibar, ukijiunga unapata matangazo. Na kuna safari za kuvuka bahari nzima kwa kupima, ambazo huwa zinatafuta vijana wa zamu ya vyombo vya kupimia, tangazo linatoka miezi mingi kabla na linafungwa bila huruma.

7. Kujitolea maana yake silipwi kabisa?

Mshahara hakuna. Kinachokuwepo ni kitanda, chakula, mara nyingi nauli na visa, na wengine wanatoa posho ya siku. Uliza kwa maandishi kabla hujakubali: nauli ya kwenda bandarini nani analipa, hoteli kama meli ikichelewa nani analipa, bima ya afya ikiwemo kurudishwa nyumbani ukiumia nani analipa. La mwisho hilo msione aibu kuliuliza. Safari yangu ya kwanza meli ilichelewa siku nne na mimi sikuwa nimeuliza, nikala mihogo ya barabarani siku nne.

8. Nataka kuwa baharia wa kudumu, si mambo ya sampuli. Nianzie wapi?

Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI. Unaanza na kozi ya msingi ya usalama: kuokoka majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, usalama wako na kuishi na wenzako kazini. Hizo za kuokoka na kuzima moto zinarudiwa kila baada ya miaka mitano. Vyeti na kitabu cha baharia mambo yake yako TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli. Kwa mtu wa Tanga au Bagamoyo anayetaka upande wa uvuvi kuna FETA, chuo cha uvuvi pale Mbegani, na mtu aliyetoka huko meli ya utafiti inayovua inampenda, sababu anajua wavu. Mpishi mzuri naye asijidharau, melini mpishi ana heshima ya pili baada ya nahodha, siku nyingine ya kwanza.

9. Makaratasi gani niwe nayo?

Pasi ya kusafiria yenye angalau miezi sita mbele, ikiwezekana mwaka. Kadi ya njano ya homa ya manjano. Cheti cha afya kutoka kwa daktari anayetambulika kwa mabaharia, hiki huwa hakizidi miaka miwili. Vyeti vya shule vilivyoskaniwa vikasomeka, si picha ya simu yenye kivuli cha kidole. CV ya kurasa mbili. Barua moja kutoka kwa mwalimu au bosi. Meli nyingine zinadai na cheti cha kuokoka majini, angalia swali la 8.

Vyote viweke kwenye simu na kwenye imeili yako mwenyewe. Nafasi ya pili niliipata kwa sababu mtu alighairi, nikapigiwa simu saa nne asubuhi nikaambiwa tuma kila kitu kabla ya saa nane, nilikuwa gereji nikasubiri bodaboda itengenezwe, nikatuma nikiwa nimekaa juu ya tairi.

10. Kuna mtu anasema nitume laki mbili aniwekee nafasi.

Mwizi huyo. Meli ya utafiti haiuzi nafasi na haina dalali. Pesa utalipa serikalini kwa pasi, hospitali kwa kupimwa, chuoni kwa kozi, na kote huko unadai risiti.

## Kazi yenyewe

11. Mnafanya nini hasa kutwa nzima?

Chombo kikuu kinaitwa sitidi, wanaandika CTD. Kinapima chumvi (kwa kuangalia maji yanavyopitisha umeme), joto, na kina kwa njia ya mgandamizo, huku kikizungukwa na chupa kubwa, mara nyingi 24 za lita kumi kumi, zimepangwa duara kwenye kizimba cha chuma. Chupa zinashuka zikiwa wazi juu na chini ili maji yapite. Meli inasimama, serangi na watu wake wanakitoa kizimba nje ya ubavu, winchi inaanza kuteremsha kama mita 60 kwa dakika. Fanya hesabu mwenyewe, kina cha mita 3,000 ni dakika 50 za kushuka tu. Wewe uko ndani mbele ya kioo unaangalia mistari ikijichora: juu nyuzi 28, mita 1,000 ziko chini ya kumi, huko sakafuni kama nyuzi 2. Bahari yetu hii ya joto, watu wanaogea Raskazone mpaka saa mbili usiku, kumbe chini yake kuna friji.

Kizimba kikirudi juu kinasimama kwenye kila kina mlichopanga, mtu anabonyeza na chupa moja inajifunga na maji ya pale pale. Kikifika deki ndo kazi yetu inaanza, na ina mpangilio ambao haubadilishwi hata mkuu wa watafiti akiwa na haraka. Zinaanza sampuli za hewa, oksijeni mbele, kisha za kaboni, kisha za virutubisho, chumvi mwisho kabisa. Sababu ni kwamba ukishafungua chupa hewa ya nje inaingia, na hewa inaiharibu oksijeni mara moja lakini chumvi haina habari nayo.

Oksijeni ndo inayotoa watu jasho. Unachomeka mpira kwenye bomba la chupa, unaubana na kuuminya mpaka povu lote litoke, unajaza kichupa cha kioo kutokea chini, unaacha maji yafurike mara tatu ya ujazo wake, unatia dawa mbili, unafunga bila kuacha hata tone la hewa, unatikisa. Inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Ukiona kaputo kamekwama kwenye shingo mwaga anza upya. Za virutubisho usizishike kwa vidole vitupu, na mvutaji sigara akae mbali nazo.

Usiku kuna nyavu za vijidudu, tena usiku ndo raha yake, kwa sababu viumbe vingi vya vilindini vinapanda juu kula giza likiingia na vinashuka kabla ya mapambazuko. Mjomba wangu wa Kigombe anayevua dagaa kwa karabai ananiambia hilo hata yeye anajua, mbona imebidi waje na meli. Nikamwambia mjomba wewe unajua wanapanda, hawa wanataka kujua wangapi na kutoka wapi. Akasema basi waje na karabai.

12. Shifti zikoje?

Saa 12 kazini, 12 mapumziko, kila siku, Jumapili hakuna, Idi hakuna. Kawaida ni saa sita mchana mpaka sita usiku, wengine sita usiku mpaka sita mchana. Meli inalipiwa pesa nyingi sana kwa siku kwa hiyo hailali. Ukipangiwa usiku usilie, kuna chakula kizuri saa sita na jua linachomoza mbele yako.

13. Nikikosea sampuli nitafukuzwa?

Safari ya kwanza, saa tisa usiku, nilichota maji ya chupa namba 7 nikayatia kwenye kichupa kilichoandikwa 8. Niligundua nilipofika chupa ya mwisho, kichupa kimoja kimebaki bila maji. Nikakaa kimya kama saa nzima, nilikuwa naona nikisema watasema waafrika ndo walivyo. Mwisho nikamfuata mkuu wa shifti, mama mmoja mkimya sana, nikamwambia. Hakupandisha hata nyusi. Akafungua daftari akaandika, akaweka alama, akaniambia nenda kanywe chai.

Baadaye ndo nikajua kwamba kwenye takwimu za bahari kila namba ina alama yake pembeni: 2 nzuri, 3 ina shaka, 4 mbovu, 9 haikuchukuliwa. Kuna nafasi ya kukosea iliyotengwa kabisa. Kisichokuwa na alama ni kosa ulilolificha, maana hilo litakaa pale miaka hamsini linamdanganya mtu ambaye hajazaliwa.

14. Kiingereza changu ni cha kuungaunga.

Kinatosha kama unaweza kusema sijaelewa, rudia. Nusu ya watu mle nao kimewashinda, Wanorway, Wahindi, Wareno, kila mtu na lafudhi yake. Jifunze namba zisikike vizuri redioni, na jifunze majina ya vitu vya usalama kabla ya kitu kingine.

## Maisha mle ndani

15. Bahari itanilevya?

Pengine ndiyo, na kuwa mtoto wa pwani si kinga. Mimi nimekua kwenye ngalawa na nilitapika siku mbili, halafu Mjerumani aliyekuwa hajawahi kuona bahari anakula mayai mbele yangu. Mtikisiko wa meli kubwa ni wa taratibu, unakuzungusha tumbo kivingine. Dawa unameza kabla hujaondoka, si ukishaanza kutapika, na muulize daktari ipi inakufaa maana nyingine zinalaza. Kaa katikati ya meli na chini, angalia upeo wa macho, kula mkate mkavu, tangawizi inasaidia wengine. Siku ya tatu wengi wanakuwa wazima.

Msimu nao una neno. Kaskazi, kuanzia Novemba au Disemba mpaka Machi, bahari yetu huwa na huruma kidogo. Kusi ikishika, Mei kwenda Septemba, utaijua. Mkondo wetu wa pwani unakwenda kaskazini mwaka mzima na wakati wa kusi unasukumwa na upepo unakimbia zaidi, kwa hiyo kizimba kikishushwa waya unakwenda upande.

16. Swala, funga na chakula halali inakuwaje?

Kwenye fomu kuna sehemu ya chakula, andika wazi, usione haya halafu ukifika unaishi kwa viazi. Mara nyingi samaki, mayai na mboga hazikosekani. Nyama uliza. Meli nyingine pombe imekatazwa kabisa na nyingine wanakunywa kwa kipimo, haikuhusu.

Kibla ndo kizungumkuti kitamu. Sisi Tanga tumezoea kaskazini karibu kunyooka kabisa, kwa kuwa Makka iko juu yetu kwenye mstari uleule. Ukifika upande wa Shelisheli kibla kimeshahamia kaskazini magharibi, na meli yenyewe inageuka wakati umesujudu. Ofisa wa zamu darajani alikuwa ananiambia meli imeelekea nyuzi ngapi, nikatoa hesabu. Kukusanya na kupunguza swala msafiri anaruhusiwa, na Ramadhani unaweza kulipa baadaye, la zaidi kamuulize shekhe wako, mi ni mtu wa chupa.

17. Wanawake wanapanda?

Wengi, safari yangu ya pili mkuu wa watafiti mwenyewe alikuwa mwanamke. Vyumba vinapangwa kwa jinsia, vitanda viwili, choo ndani au cha kushirikiana. Mama zangu na shangazi zangu mnaouliza kwa niaba ya binti: mwambieni aulize kabla ya safari malalamiko ya kusumbuliwa yanapelekwa kwa nani. Meli inayojiheshimu ina jibu la papo hapo lenye jina la mtu. Ikiwa wanababaika, asiende.

18. Lazima nijue kuogelea?

Si zote zinadai, lakini jifunze, unakaa Tanga halafu hujui kuogelea kwa nini? Kinacholazimishwa na wote ni zoezi la dharura, ndani ya saa 24 za mwanzo: king'ora kinalia, unavaa jaketi la kuokolea, unakwenda kwenye kituo chako, unahesabiwa, unavalishwa lile suti jekundu la mpira linalokufanya ufanane na kamba kochi. Deki kofia ngumu na viatu vya chuma mbele. Ndala zako ni za chumbani.

19. Intaneti ipo?

Ipo ya satelaiti, ila inategemea meli, kuna inayokwenda vizuri na kuna inayotosha meseji tu. Waambie nyumbani mapema ukikaa kimya siku tatu haujafa.

## Mambo ya kubana

20. Nikiugua au nikipata msiba nikiwa katikati ya bahari?

Meli ina chumba cha matibabu na mtu aliyefunzwa, safari ndefu huwa na daktari, na wanazungumza na hospitali ya nchi kavu kwa simu. Jino bovu likakaguliwe kabla ya safari, hilo nasisitiza, jino limeshawafanya watu wazima walie. Kama una sukari, presha, mimba au dawa za kila siku sema kwenye fomu, ukificha unajihatarisha na unaweza kuirudisha meli nzima.

Msiba ni kitu kingine. Meli haigeuki kwa msiba. Safari ya pili bibi yangu mzaa mama alifariki tukiwa siku ya 19, bandari ya karibu siku tano. Nikaambiwa na nahodha mwenyewe, akanipa simu ya darajani nikaongea na nyumbani kama nusu saa, shifti yangu wakagawana wenzangu. Nilirudi Tanga arobaini bado haijafika. Kama mzee wako ni mgonjwa kitandani, fikiria vizuri kabla ya kusaini.

21. Wakishapima wanaondoka na takwimu zetu?

Kifungu kilekile cha 249 nilichotaja swali la 6 kinatupa haki ya kupata takwimu, sehemu ya sampuli na ripoti, na hata kusaidiwa kuzielewa. Kazi ya mshiriki wa nchi ni pamoja na kurudi na nakala. Nenda na diski yako, omba kwa mkuu wa watafiti kabla ya siku ya mwisho, sababu siku ya mwisho kila mtu anafunga mabegi. Takwimu zenyewe zikikaa kwenye droo huku kwetu hiyo si dhambi ya mzungu tena.

22. Baba yangu ni mvuvi wa miaka 40, hajasoma. Kuna nafasi yake?

Kwenye meli kubwa ni vigumu, cheti cha afya na lugha vinamkwaza. Ila kwenye tafiti za boti ndogo hukuhuku, matumbawe, nyavu, hesabu za samaki kwenye diko, anahitajika kuliko mimi, na hapo alipwe, si ajitolee. Mkondo wa Pemba una kina cha mita mia saba, mia nane, na watu waliojua wapi unageuka kabla ya chombo chochote kuupima ni hao.

23. Naweza kuleta zawadi gani kutoka chini ya bahari?

Sampuli huruhusiwi, hata kombe, zina vibali vyake. Lakini kuna mchezo wa mabaharia wa utafiti: unachukua kikombe cheupe cha povu, kile chepesi cha kahawa, unakichora kwa kalamu ya wino usiofutika, unakitia kwenye soksi unakifunga kwenye kizimba. Kikienda mita 3,000 mgandamizo ni mara mia tatu ya huku juu, hewa yote inakamuliwa, kinarudi kigumu kimekuwa kidogo kama kikombe cha kahawa chungu, na mchoro wako umesinyaa nao bila kuharibika. Cha mama yangu niliandika jina lake na Tanga. Amekiweka kabatini na vijiti vya meno ndani, na mgeni akikigusa anaambiwa taratibu, hicho kimetoka mbali.